Weusi Si Kivuli: Uhakiki wa Picha za Wajihi katika Michezo ya Kompyuta ya Ngano za Ajabu

1. Utangulizi

Katika komini ya Mangobo, mjini Kisangani, mpita njia haendi mbali kabla ya kukutana na bango la kinyozi. Juu ya ubao huwa pamechorwa vichwa viwili au vitatu, kila kimoja na mtindo wake wa nywele. Nywele hizo kwa kawaida zimefanyiwa kazi kwa uangalifu, kwani ndizo bidhaa inayouzwa. Uso, kwa upande mwingine, mara nyingi ni rangi moja ya kahawia iliyotandazwa, na pale mchoraji alipotaka kuonyesha shavu, pua au kidevu, ameongeza rangi nyeusi. Matokeo yake ni uso unaoonekana kana kwamba umepakwa masizi.

Kijana wa mtaa huohuo anayejifunza kuchora wahusika wa michezo ya kompyuta, awe anatumia penseli au kidole juu ya kioo cha simu, hukutana na tatizo lilelile. Anataka kumchora shujaa mweusi wa ngano za ajabu. Anaanza na ngozi ya rangi nzito, kisha anatia giza upande mmoja wa uso kama alivyoona katika picha za wageni. Shujaa anatoweka: macho yanabaki, meno yanabaki, uso haupo. Ili kumwokoa, kijana huyo hupunguza weusi wa ngozi mpaka shujaa awe mtu wa rangi ya majivu, ambaye hafanani na yeyote katika Mangobo.

Makala haya yanakusudia kulihakiki tatizo hilo. Hoja kuu ni kwamba weusi wa ngozi ni rangi, ilhali kivuli ni upungufu wa mwanga, na kwamba mchoraji anayevichanganya viwili hivyo humnyima mhusika wake uso. Hoja ya pili inatokana na hiyo ya kwanza: lugha ya Kiswahili inayo tayari maneno ya kuyatenga mambo haya, na mchoraji anayeyatumia ataona zaidi. Suala hili, kwa hiyo, si la ufundi wa mkono pekee. Linahusu ni nani anayepata kuonekana katika hadithi mpya zinazosimuliwa juu ya vioo.

2. Wajihi mdogo, kazi kubwa

Kwa "picha ya wajihi" hapa inakusudiwa picha ya uso na mabega ya mhusika, inayotokea kwenye kioo wakati mhusika anaposema au anapochaguliwa na mchezaji. "Michezo ya ngano za ajabu" ni ile yenye mashujaa, wachawi, majitu na falme za kubuni. Katika mingi ya michezo hiyo, hasa ile iliyotengenezwa mwishoni mwa karne ya 20, mwili wa mhusika uwanjani ni kidoa kinachotembea. Tabia yake, umri wake, asili yake na hofu yake hubebwa na wajihi.

Mfano unaojulikana sana ni Baldur's Gate, mchezo wa kampuni ya BioWare ya Kanada uliotoka mwaka 1998. Ndani yake kila mhusika ana picha mbili: kubwa ya nukta 110 kwa 170, na ndogo ya nukta 38 kwa 60. Hiyo ndogo ndiyo inayokaa mbele ya macho ya mchezaji kwa saa nyingi, nayo ina nukta 2,280 tu. Katika nafasi hiyo hapana pahali pa kuchora kope au mikunjo ya ngozi. Kinachoweza kusomeka ni mgawanyo wa mwanga na uvuli, ambao ukikosewa hakuna kitu kingine cha kuusaidia uso.

Mfano wa pili ni The Battle for Wesnoth, mchezo ulioanzishwa na David White mwaka 2003. Huu ni programu huria: yeyote anaweza kuuchukua bila malipo, kuubadilisha na kuuchangia, na picha zake nyingi zimetolewa na wachoraji wa kujitolea. Mchezo wa namna hii una umuhimu wa pekee kwa msomaji wa Kisangani, kwa sababu mlango wake hauulizi cheti wala mtaji. Mchoraji wa Mangobo anaweza kuingia. Swali ni ataingia na uso gani.

Wahakiki wa fasihi hawana haki ya kulidharau jambo hili, maana msamiati wao wenyewe umetoka huku. Neno "usawiri", linalotumiwa kila siku katika madarasa ya uhakiki kwa maana ya namna mwandishi anavyowajenga wahusika, limetokana na kitenzi "kusawiri", yaani kuchora. Shina lake la Kiarabu ndilo lililozaa pia "sura" na "taswira". Mhakiki anaposema kwamba mwandishi amemsawiri mhusika vizuri, anatumia istilahi ya mchoraji. Ni haki basi mchoraji naye ahakikiwe kwa uzito uleule.

3. Asili ya kosa

Kosa la kuchanganya weusi na kivuli lina historia, na sehemu ya historia hiyo imepita karibu na Kisangani. Mwaka 1870 msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth alifika katika nchi ya Wamangbetu, kaskazini-mashariki mwa Kongo ya leo, akapokewa na mfalme Mbunza. Schweinfurth alikuwa mchoraji hodari. Kitabu chake kilichochapwa kwa Kijerumani mwaka 1874 kilikuwa na picha ya mfalme huyo akiwa katika mavazi yake rasmi, na kofia ya manyoya na kisu kilichopinda kama mundu. Picha hiyo iliwafikia wasomaji wa Ulaya kwa njia ya nakshi ya kuchapia: fundi alichonga mistari, mistari ikatiwa wino, wino ukapigwa juu ya karatasi nyeupe.

Katika ufundi huo kuna kifaa kimoja tu cha kuonyesha giza, nacho ni mstari wa wino. Penye uvuli mistari husongamana. Penye ngozi nyeusi mistari pia husongamana. Wino mmoja umepewa kazi mbili, na msomaji hana njia ya kujua ni upi unaosema "hapa mwanga haukufika" na ni upi unaosema "hii ndiyo rangi ya mtu huyu". Vitu vya mfalme, yaani manyoya, shaba na kisu, husomeka vyema. Uso ndio unaobeba mzigo wa wino.

Mafunzo ya uchoraji katika vyuo vya Ulaya yalizidisha hali hiyo. Kwa muda mrefu mwanafunzi alijifunza kutia uvuli kwa kunakili vichwa vya plasta nyeupe. Plasta ni mwalimu mzuri wa jambo moja: juu ya kitu cheupe kisichong'aa, umbo lote husomwa katika uvuli. Mwanafunzi aliyefuzu kwa plasta hubaki na kanuni kwamba kuchora umbo ni kutia giza. Kanuni hiyo inafaa kwa uso mweupe. Kwa uso mweusi inageuka kuwa mtego. Upigaji picha nao ulifuata njia hiyohiyo: kwa miongo kadhaa maabara za filamu zilisawazisha rangi zao kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na nyuso nyeusi zikatoka bila umbo. Mchoraji anayenakili kutoka katika picha za namna hiyo hunakili pia upungufu wake.

Kioo cha kompyuta kimeyaendeleza hayo kwa njia yake. Karatasi huanza na weupe na hupewa wino, lakini kioo huanza na giza na hupewa mwanga. Kila nukta hupimwa kwa kiasi cha nyekundu, kijani na buluu, kila kimoja kwa kawaida kutoka 0 hadi 255. Weusi kamili ni 0 mara tatu, yaani nukta iliyozimwa. Hakuna ngozi ya binadamu, hata iwe nyeusi kiasi gani, isiyorudisha mwanga kabisa. Hivyo mchoraji anayechukua rangi nyeusi ya kioo na kuichanganya katika ngozi ya shujaa wake hamtii weusi. Anamzima.

Juu ya ufundi kuna itikadi. Katika mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, ambao ndio mama wa michezo mingi ya aina hii, walitokea mwaka 1978 viumbe waitwao drow: jamii ya watu wa ajabu wenye ngozi nyeusi, wakaao chini ya ardhi, waliosawiriwa kuwa waovu kwa asili. Viconia, mhusika wa Baldur's Gate, ni mmoja wao, na mchezaji hukutana naye akiwindwa kwa sababu ya jamii yake. Juni 2020 wachapishaji wa mchezo huo wa mezani, Wizards of the Coast, walitangaza kwamba watu hao hawataendelea kusawiriwa kama jamii nzima ya waovu. Tangazo lilikuwa jema. Lakini tangazo haliondoi mazoea ya mkono yaliyojengwa kwa miaka zaidi ya 40, ambapo msanii alipotaka kuonyesha uovu alikuwa na njia moja rahisi ya kutia giza usoni.

4. Uvuli, kivuli na maji ya kunde

Wachoraji wengi wa Kisangani, mji ambamo Kiswahili na Kilingala hukaa ubavu kwa ubavu na shule hufundisha kwa Kifaransa, hutumia neno la Kifaransa ombre kwa kila kilicho na giza katika picha. Walimu wa Kifaransa wenyewe hutenganisha ombre propre na ombre portée: ya kwanza ni giza la upande wa kitu ulioupa mwanga mgongo, na ya pili ni giza ambalo kitu hicho hukitupia kitu kingine. Upande wa shavu usioelekea jua ni ya kwanza. Giza la pua juu ya mdomo ni ya pili. Ya kwanza hubadilika polepole kufuata mviringo wa mwili, na ya pili huwa na ukingo. Mchoraji asiyezitenga hupaka zote kwa mkono mmoja, na uso huchafuka.

Kiswahili hakihitaji kuomba maneno hapa. Shina -vuli limetoa "uvuli" na "kivuli", na pia "mwavuli". "Uvuli", kwa kiambishi chake cha u-, huelekea kutaja hali au mahali palipokosa jua. "Kivuli" hutaja umbo linaloonekana, lenye mipaka, linalomfuata mwenyewe. Mtu hupumzika uvulini, na hukimbizwa na kivuli chake. Inapendekezwa basi kwamba "uvuli" litumike kwa giza la upande wa mwili wenyewe, na "kivuli" kwa giza linalotupwa. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku maneno haya huingiliana, lakini istilahi nyingi za taaluma zimezaliwa kwa kuyatenga maneno ambayo sokoni yanaingiliana.

Jambo la tatu, ambalo si uvuli wala kivuli, ni weusi. Inafahamika kwamba Kiswahili kina mashina matatu tu ya kivumishi yaliyo ya rangi kwa asili: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine huitwa kwa vitu: kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, rangi ya chungwa kwa chungwa. Wengine huona katika hali hii upungufu. Kwa mchoraji ni utajiri, kwa sababu kila jina la rangi humpeleka akaangalie kitu. Mfano bora ni "maji ya kunde", jina ambalo Waswahili wa pwani humpa mtu ambaye weusi wake si mzito. Maji yaliyochemshiwa kunde si rangi iliyopakwa juu ya ubao. Ni kimiminiko. Mwanga huingia ndani yake, hutembea kidogo, kisha hutoka ukiwa umebadilika. Ndivyo ngozi inavyofanya kazi hasa. Aliyebuni jina hilo aliiangalia ngozi kwa makini kuliko fundi wa plasta.

Aidha, Kiswahili kimetenga nuru na weupe. Husemwa kwamba mtu "ana nuru usoni" bila kuulizwa rangi yake, na mtu aliye mweusi tititi anaweza kuwa na nuru kuliko aliye mweupe pe. Hapana budi kukiri kwamba lugha hii nayo haikusalimika: "moyo mweupe" ni sifa, na "giza" ni jina la ujinga. Hata hivyo, ile tofauti ya msingi imo, na mchoraji anaweza kuishika: nuru ni kile kinachotokea juu ya uso, weusi ni kile ambacho uso umeumbwa nacho.

5. Mng'aro, na jua la Mangobo

Ikiwa weusi si kivuli, uso mweusi utapewaje umbo? Jibu linatokana na tabia ya mwanga wenyewe. Mwanga unapopiga ngozi, sehemu ndogo, takriban 4 hadi 5 katika 100 ukipiga wima, hurudi papo hapo kutoka juu ya ngozi bila kuingia. Sehemu hii ni karibu sawa kwa watu wote. Inayobaki huingia ndani, na kiasi kinachotoka tena hutegemea rangi ya ngozi. Kwa mtu mweupe kinachotoka ni kingi, hata kinaufunika ule mwanga wa juu. Kwa mtu mweusi kinachotoka ni kidogo, na ule mwanga wa juu, yaani mng'aro, unaonekana wazi. Kwa maneno mengine, uso mweupe hujulikana umbo lake kwa uvuli, na uso mweusi hujulikana umbo lake kwa mng'aro.

Kanuni hii inageuza utaratibu wa kazi. Mchoraji wa Mangobo anapaswa kuanza na rangi halisi ya ngozi, iwe nzito kama inavyotakiwa, na kuiacha iwe rangi ya katikati. Kisha ajiulize kwanza mng'aro unakaa wapi: juu ya paji, mgongo wa pua, mfupa wa shavu, mdomo wa chini. Uvuli uje baadaye, nao uwe kidogo. Mng'aro haupakwi kwa rangi nyeupe tupu, kwa sababu hubeba rangi ya kile kinachoangaza: mtu aliye nje, chini ya mbingu, huchukua buluu hafifu juu ya paji, na aliye karibu na moto huchukua rangi ya chungwa. Uvuli nao hauchanganywi na nyeusi. Huelekezwa kwenye zambarau au wekundu mzito, ili damu iliyo chini ya ngozi isikauke.

Linafuata swali la mahali mwanga unapotoka. Picha nyingi za wajihi katika michezo hii hutumia mwanga wa upande mmoja wa juu, desturi iliyorithiwa kutoka kwa wachoraji wa Ulaya waliofanya kazi karibu na dirisha. Kisangani iko chini ya kilomita 60 kaskazini ya Ikweta. Saa sita mchana, hasa katika miezi ya Machi na Septemba, jua husimama utosini. Kivuli cha mtu hujikusanya miguuni pake. Matundu ya macho hujaa giza, pua hutupa kivuli wima juu ya mdomo, kidevu hutupa chake juu ya shingo. Wakati huohuo ardhi ya barabara isiyo na lami huurudisha mwanga juu, na chini ya kidevu na chini ya nyusi huonekana wekundu wa udongo. Mwanga huu akisi ndio unaozuia uso usiwe fuvu. Mtu anayeuacha, akachora jua la utosini pekee, atapata uso wa kutisha ambao Mangobo haijauona.

Haisemwi hapa kwamba kila shujaa achorwe saa sita mchana. Linalosemwa ni kwamba mwanga wa dirisha ni chaguo, si sheria, na mchoraji anayeishi chini ya mwanga mwingine ana haki ya kuchagua ule anaoujua.

6. Jaribio: wajihi wa Mwindo

Kanuni haina faida isipojaribiwa. Tuchukue shujaa ambaye nchi yake inaunganishwa na Kisangani kwa barabara ipitayo Lubutu na Walikale: Mwindo wa Wanyanga. Utendi wake ulisimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na ukachapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mkongo ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Mwindo alizaliwa akitembea na akisema. Baba yake, Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume, akamfungia katika ngoma na kumtupa mtoni. Mjomba zake wahunzi walimfulia mavazi ya chuma: viatu, suruali, shati na kofia. Mkononi ana conga, usinga wake wenye nguvu, na pamoja nao shoka na mfuko mdogo wenye kamba ndefu.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba simulizi hukaa juu ya vitu hivyo kuliko juu ya pua na macho. Shujaa hutambuliwa kwa alichozaliwa nacho na alichofuliwa. Hapa utendi unakubaliana na mahitaji ya picha ndogo ya nukta 2,280: usinga na kofia ya chuma humtaja Mwindo kabla uso haujasomwa. Mchoraji anayeanza kwa kutafuta "sura ya Kiafrika" ya jumla amepoteza muda. Aanze na usinga.

Jambo la pili ni kwamba picha hii ina nyuso tatu za mwanga. Chuma hung'aa kwa ukali, kwa mistari myembamba yenye ukingo, na huonyesha ndani yake mbingu na ardhi. Ngozi hung'aa kwa upole, na mng'aro wake hutawanyika. Nywele za usinga hunywa mwanga. Mchoraji anayetia vyote vitatu uvuli wa rangi nyeusi ataona, akiipunguza picha, kwamba kofia imekula paji la uso na usinga umekula bega. Anayeifanya ngozi iwe na joto la wekundu, chuma kiwe na ubaridi wa buluu, na usinga ukose mng'aro, atauona uso ukisimama hata katika picha ndogo, bila kumpunguzia Mwindo weusi wake hata kidogo.

Jambo la tatu ni la maudhui. Baada ya kumuua Kirimu, zimwi la msituni, Mwindo hupandishwa mbinguni na Nkuba, bwana wa radi, akakaa huko mwaka mmoja akiteswa na baridi, mvua na jua hadi majivuno yake yakapungua. Hurudi akiwa kiongozi mwingine. Mchezo ambao ungesimulia kisa hiki ungehitaji wajihi wake mara mbili. Mchoraji mvivu angembadilisha mavazi. Mchoraji makini angebadilisha mwanga: kabla ya safari, jua kali la utosini na chuma kinachopiga kelele, baada yake, mwanga wa mbingu yenye mawingu, mng'aro mpana na wa chini, macho yasiyofichwa tena na kivuli cha kofia. Hapo fani na maudhui hukutana, na uvuli huwa usimulizi.

7. Kazi mbili zilizokwisha kufanywa

Mkongo aliyelifikisha mbali somo la uso katika picha za kuchora ni Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959. Kazi zake ni hadithi za picha, si michezo ya kompyuta, lakini tatizo ni lilelile: uso mdogo, unaorudiwa mara nyingi, unaopaswa kutambulika mara moja. Baada ya misururu ya Eva K. na Mandrill aliyofanya na Frank Giroud katika miaka ya 1990 na kuendelea, alichora Madame Livingstone, albamu ya mwaka 2014 aliyoitunga pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Kisa kiko kando ya Ziwa Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza, wakati Wabelgiji walipotaka kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ambayo baadaye iliitwa Liemba. Sifa ya albamu hiyo kwa hoja ya makala haya ni kwamba watu weusi waliomo si umati. Kila mmoja ana kichwa chake, umri wake na namna yake ya kupokea mwanga. Mhusika mkuu Mwafrika, mtu wa mafumbo avaaye vazi la Kiskoti, angekuwa kichekesho kama uso wake usingesomeka. Uso unasomeka, na kichekesho kinageuka kuwa swali juu ya asili na heshima.

Katika michezo yenyewe, kazi isiyoweza kurukwa ni Aurion: Legacy of the Kori-Odan, ya kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, iliyotoka Aprili 2016. Inamhusu Enzo Kori-Odan, mwanamfalme wa Zama, anayepinduliwa siku ya kutawazwa na kuoa kwake, na mkewe Erine, wanapozunguka dunia kuitafuta nguvu ya wahenga. Kwamba mchezo mzima wa ngano za ajabu una mashujaa weusi, na waovu weusi, na wapumbavu na wenye hekima weusi, ni jambo linaloubomoa ule mkataba wa zamani wa giza na uovu. Weusi ukishakuwa rangi ya wote, hauwezi tena kuwa alama ya mmoja.

Hata hivyo, mkono wa katuni za Kijapani unaonekana waziwazi katika michoro yake. Mtindo huo kwa kawaida huigawa ngozi katika rangi mbili zenye mpaka mkali, moja ya mwanga na moja ya uvuli. Faida yake ni usafi: hauchafui uso kwa masizi. Hasara yake ni kwamba ni mtindo wa uvuli, uliobuniwa kwa ngozi nyepesi, na mng'aro hupata nafasi ndogo. Ingetosha kuongeza rangi ya tatu, ya mng'aro, na kuipa uzito kuliko ile ya uvuli. Hili halisemwi ili kuishusha Aurion. Walioitengeneza walijenga nyumba pasipokuwa na kiwanja. Linasemwa kwa ajili ya wale watakaojenga chumba cha pili.

8. Hitimisho

Mtu anaweza kupinga kwamba haya ni mambo madogo, kwamba Kisangani ina matatizo makubwa kuliko rangi ya mashavu ya mashujaa wasiokuwapo. Pingamizi hilo linastahili jibu. Watoto wa Mangobo wanacheza michezo hii kwenye simu, nao watajifunza kutoka humo ni nyuso gani zinazostahili mwanga. Somo hilo hupenya bila maneno, na kwa hiyo ni vigumu kulikanusha kwa maneno.

Idara za Kiswahili zina la kufanya hapa. Zinaweza kukusanya msamiati wa wachoraji wa mabango, wapiga picha na mafundi wa mitaani, kabla haujafunikwa na maneno ya vitabu vya mafunzo vya kigeni. Zinaweza kuzipima istilahi kama uvuli, kivuli, mng'aro na mwanga akisi, kuziboresha au kuzikataa. Mchoraji naye ana la kufanya, tena leo: atoke nje saa sita, amwangalie kinyozi aliyeketi mlangoni, na kabla ya kugusa rangi nyeusi ahesabu ni mahali pangapi usoni pake panapong'aa.